Abiria Aliyeshukia Nyaramba

Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya Alhamisi, Machogu aliegesha pikipiki ya bodi kando ya banda la kupimia majani chai, mbele kidogo ya soko la Nyaramba. Akavua helmeti, akafungua faili, akaisoma tena ile barua ili aicheke mara ya nne.

"Sisi wakazi kumi na wanne tunalalamika juu ya treni inayopita hapa kila Alhamisi jua likizama. Inanuka, inapiga kelele, na kuna mtu ndani yake anayeita watu kwa majina. Tunaomba serikali iandike kwamba isisimame."

Treni. Nyaramba. Mahali ambapo reli iliyo karibu iko Kisumu, na chuma kirefu kuliko vyote ni mabati ya kanisa.

Machogu alikuwa afisa wa Bodi ya Vituo vya Abiria Vijijini. Bodi hiyo haikuwa na basi hata moja, ila ilikuwa na manaibu wakurugenzi watatu. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali ambapo watu wamekuwa wakipandia magari tangu enzi za babu zao, kupima kwa futi, kugonga muhuri, na kuwaruhusu kuendelea kupandia papo hapo. Machogu aliiona kazi hiyo kuwa nzito. Aliwaona wanakijiji kuwa watu ambao, wasipopigiwa muhuri, wangepanda hata migomba wakidhani ni magari.

Angeitupa barua ile. Lakini ukutani ofisini kulikuwa na mkataba wa huduma uliosema kila lalamiko lifungwe ndani ya siku ishirini na moja, afisa akiwa amefika mwenyewe. Leo ilikuwa siku ya ishirini na moja.

"Bwairire," sauti ikamsalimu nyuma yake.

Mwanamke wa miaka sitini hivi alikuwa ameketi juu ya kikapu cha chai kilichofudikizwa, leso mabegani.

"Jioni njema, mama. Wewe ndiye Bochaberi aliyeandika hii?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye serikali?"

"Mimi ni afisa wa bodi."

"Nilidhani watamtuma mtu mzima."

Machogu akatabasamu kwa meno tu. "Haya, mama. Treni yenyewe iko wapi, niikague taa?"

"Ngoja. Ile ina saa yake. Si kama nyinyi."

Akamweleza, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mumewe, Nyakundi, alikwenda Mombasa kutengeneza mabehewa ya reli. Aliandika barua mbili, kisha kimya. Mwaka wa tisa ukoo ukamtuma mdogo wake, Obwocha, akamtafute. Obwocha akarudi na kusema bahari imemchukua, mwili haupatikani. Na kwa desturi ya kwao, mtu aliyepotea hivyo haachwi bila kaburi. Hukatwa shina la mgomba, likalazwa jenezani, likaliliwa na kuzikwa, ili mwenye jina awe na mahali pake. Obwocha alilikata shina mwenyewe, akalipigilia jeneza misumari mwenyewe, wakazika.

"Sasa anarudi," Bochaberi alisema. "Alhamisi kumi na mbili hizi. Anapita dirishani, ananiuliza, nishukie wapi. Namwambia hapa hakuna kituo, endelea. Anaendelea."

"Si umwache ashuke, mama? Mume ni mume."

"Akishuka atalala wapi?" Sauti yake ikashuka mno. "Kaburi lake lina mgomba ndani. Mfu asiye na mahali hutafuta mahali pa mtu. Ataingia kwangu, anifukuze kitandani, hadi mimi ndiye nikose pa kulala. Na mimi namjibu vibaya, sauti yangu imeanza kuchoka. Ndiyo maana nataka karatasi. Iandikwe hakuna kituo. Yeye alikuwa mtu wa reli. Karatasi anaiheshimu."

Machogu aliinamia mkoba wake ili asicheke usoni pa mwanamke mzima. Mkobani mlikuwa na fomu ya aina moja tu: Fomu ya Kutambua Kituo. Bodi haikuwa na fomu ya kukataa kituo. Katika miaka yake yote haikuwahi kukataa lolote, kwa kuwa kukataa kunahitaji sababu.

Basi akaijaza hiyo. Faili ilihitaji karatasi, na karatasi ni karatasi.

Mahali: nyuma ya banda la chai, Nyaramba. Aina ya chombo: treni. Hapo alilazimika kusimama na kukohoa. Abiria wanaotarajiwa: mmoja, Nyakundi. Afisa mpokeaji: akaandika jina lake kwa mikunjo yake yote. Akaupulizia muhuri pumzi, akagonga.

"Umeandika isisimame?"

"Nimeandika inavyotakiwa."

"Nisomee."

"Mama, hii ni hati ya ofisi. Lalamiko lako limefungwa. Nenda ukapumzike."

Bochaberi alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Kisha ndoano ya mizani, pale bandani, ikaanza kucheza.

Hakukuwa na upepo.

Mlio ulianzia chini ya ardhi... tatata, tatata... ukapanda kwenye nyayo za viatu, ukaingia magotini. Ndege wakanyamaza. Halafu ikaja harufu. Mwani. Kutu. Maji ya chumvi yaliyolala. Machogu aliijua harufu hiyo. Alikuwa amehudhuria warsha nne Mombasa, na zote nne alikwepa mafunzo akakaa ufuoni.

Madirisha yakatokea juu ya majani chai. Madirisha tu, ya njano, yaliyopangana, yakipita taratibu pasipo behewa lolote la kuyabeba. Majani chini yake hayakutikisika.

"Bochaberi..."

Sauti ya mwanamume. Ya upole, iliyochoka kwa safari.

"Bochaberi... nishukie wapi?"

Mwanamke akasimama, mikono imeishika leso. "Hapa hakuna kituo," alijibu, imara. "Endelea."



"Kipo," sauti ikasema. "Kimeandikwa."

Breki zikalia. Chuma kikasaga chuma mahali pasipo na chuma, ukelele mrefu uliomfanya Machogu aume ulimi.

Ikasimama.

"Uliandika nini?" Bochaberi alinong'ona. "Wewe mtoto wa watu, uliandika nini?"

Machogu alitaka kueleza utaratibu. Mlango usioonekana ukafunguka kwa mkoromo, na kitu kizito, chenye maji, kikashuka. Mguu mmoja. Halafu wa pili. Madirisha yakazimika yote kwa pamoja, ikabaki jioni ya kawaida ya Nyaramba, isipokuwa nyayo zilizokuwa zikija juu ya kokoto.

Chwa. Chwa. Chwa.

Bochaberi alikuwa ameufunika uso kwa leso. Nyayo zikampita, hazikugusa hata kikapu chake. Zikasimama mbele ya Machogu.

Hakuthubutu kuinua macho. Aliona kola iliyofungwa hadi kifungo cha juu, ikichuruzika.

"Afisa mpokeaji," sauti ikasoma, kana kwamba fomu iko mbele yake. "Machogu. Asante. Twende nyumbani."

Machogu hakumbuki alivyowasha pikipiki. Anakumbuka kwamba ilikuwa nzito kupanda mlima, na kwamba tangu Nyamira mjini hadi chumba chake cha kupanga kule Kiogoro, karibu na Kisii, mgongo wake ulikuwa umelowa upande mmoja tu, upande wa kuegemewa.

Mgeni hakuwa na makuu. Alilala kitandani, Machogu akalala kitini. Asubuhi godoro lilikuwa na umbo la mtu lililochorwa kwa maji, na chumvi pembeni. Majirani walidhani afisa ameanza biashara ya samaki wa omena, na mmoja aliuliza bei. Machogu akamwita mchungaji, akajisingizia homa ya mawazo. Mchungaji aliomba vizuri, kwa sauti, dakika ishirini. Mwishoni wote wawili wakasema amina.

Halafu, kutoka kitandani, taratibu, amina ya tatu.

Mchungaji aliacha viatu.

Ofisini, naibu mkurugenzi alimwandikia Machogu barua ya pongezi kwa kufunga lalamiko siku ya mwisho. Barua hiyo aliisoma mara moja, akaiweka. Jumatatu alipofika langoni, mlinzi alikunja uso.

"Si umeingia sasa hivi, bosi?"

"Mimi?"

"Na nikakuuliza mbona umenyeshewa na hakuna mvua."

Machogu akakimbilia daftari la mahudhurio. Jina lake lilikuwa pale, kwa mikunjo yake yote. Wino ulikuwa bado unasambaa.

Usiku huo, ukiondoa ile amina, mgeni alizungumza kwa mara ya kwanza tangu Nyaramba. "Si ubaya," alisema, akiutazama ukuta. "Nina usingizi wa miaka, na sina mahali. Nisipopata pangu, nitachukua pako. Wewe utazoea. Treni ina viti vingi."

Jumanne Machogu alikuwa kwa Bochaberi, amepiga magoti kwenye vumbi, bila helmeti na bila cheo.

"Mama, nisamehe. Tuutoe mgomba. Nafasi ikipatikana, ataondoka."

"Aa. Sasa yuko?" Bochaberi alikuwa akipepeta wimbi, na hakuacha. "Nilifikiri ni mambo ya wanakijiji."

"Yuko, mama."

"Na inanuka?"

"Inanuka."

"Ungetuandikia malalamiko. Tungekujibu baada ya siku ishirini na moja." Alipepeta tena, kisha akaweka ungo chini. "Simama. Si kwa ajili yako. Ni mume wangu, na hawezi kulala kwenye godoro la mjinga milele."

Kufukua maiti kunahitaji amri ya korti. Machogu alipekua kila sheria aliyoijua, akagundua kwamba kufukua mgomba hakuhitaji chochote. Ndiyo mara pekee sheria ilipomfaa.

Walichimba alasiri ya Jumatano, vijana wanne wa ukoo, majirani wakitazama kutoka kwenye ua. Mmoja tu ndiye aliyepinga. Obwocha, mdogo mtu, alisimama kandokando ya kaburi akipiga kelele tangu jembe la kwanza.

"Mnachokoza mizimu! Shina limeoza zamani! Mtapata nini? Matope!"

"Basi tuyaone matope," Bochaberi alisema. "Yatakutisha nini wewe?"

"Huyu wa ofisi ameleta uchawi wake wa Kisii mjini hapa!"

"Huyu?" Bochaberi alimtupia Machogu jicho. "Huyu hawezi kuloga hata konokono."

Jembe likagonga mbao.

Obwocha akanyamaza. Watu walipogeuka kumtazama, alikuwa tayari katikati ya chai, anakimbia, mkono mmoja umeshika suruali. Hakuna aliyemfuata. Macho yote yalirudi shimoni, ambako vijana walikuwa wamekipenyeza chuma chini ya kifuniko.

Misumari ikalia. Kifuniko kikainuka.

Hakukuwa na mgomba.

Alikuwepo mtu. Mkavu, mifupa na vitambaa, amelala vizuri kama alivyolazwa. Kichwani, upande wa nyuma, mfupa ulikuwa umebonyea kwa ndani. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu, na kijana aliyekuwa shimoni alikifuta tope, akakisoma kwa sauti isiyo yake: tiketi ya basi, Mombasa hadi Kisii. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili kabla ya maziko.

Mwanamke mmoja alianza kulia, akaachia njiani.

Bochaberi aliteremka hadi ukingoni. Akalitazama koti, akalitambua. Akavua leso yake, akainama na kuiachia ianguke juu ya mifupa.

"Kumbe alifika," alisema polepole. "Alhamisi zote hizi namwambia aendelee, kumbe alifika nyumbani. Hakuvuka geti tu."

Hakulia. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya mikalitusi, na vijana walikuwa wametoka shimoni mmoja mmoja, wakifuta mikono kwenye nyasi.

Machogu alivuta pumzi yake ya kwanza kamili tangu siku ile ya Alhamisi. Imekwisha, aliwaza. Mtu amepatikana. Polisi wataitwa, Obwocha atakamatwa, Nyakundi ana kaburi lake na alikuwa nalo siku zote. Hakuna mfu asiye na mahali. Hakuna...

Wazo likakatika katikati.

Bochaberi alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na dharau usoni mwake. Machogu angetoa chochote dharau ile irudi.

"Kijana," alinong'ona. "Mume wangu ndiye huyu."

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo uliyempokea ni nani?"

Machogu alihisi ubaridi ukimgusa bega la kushoto, taratibu, kama mtu anayesogea ili naye aone vizuri shimoni.

Majirani walikuwa wameanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Walimzunguka kwa mbali. Duara waliloliacha pale alipokuwa amesimama peke yake lilikuwa pana, na kila aliyelitazama baadaye alikubali jambo moja: waliacha nafasi ya watu wawili.