Alipokwama Yakobo

Jioni ya Jumatatu, Mwalimu Sirili alitoka kukata majani ya ng'ombe na bintiye Veronika, mtoto wa miaka saba. Mwaka wa sabini na nne huo, na huko Kirua masika yalikuwa yamegoma kukatika. Mtoto alitangulia migombani akiimba. Katikati ya wimbo, kimya.

Sirili akamwita. Mtoto akageuka, mdomo wazi. Hakuna kilichotoka.

Zahanati walimchungulia koo, wakasema koo ni zima. Basi Jumanne, jua lilipozama, kikatoka kitu kinywani mwake. Sauti ya mvulana anayebalehe, yenye mafua.

"Vox."

Jumatano ikasema vocis. Alhamisi, voci. Kila mara nyumba ilinuka blanketi lililoloa. Beatrice, mkewe Sirili, akauliza lugha gani hiyo, jamani. Sirili akajibu ni Kilatini. Neno lenyewe maana yake ni sauti, ila mwisho wake hubadilika: sauti inaposema, ya sauti, kwa sauti, na kadhalika. Akaeleza kirefu, maana Sirili alikuwa mtu wa kujidai kidogo, tusimfichie. Lakini alieleza akitazama dirishani.

Ijumaa ikasema vocem.

Jumamosi vocem tena. Ikarudia... vocem... vocem... kama mtu anayeuliza. Na baada ya kila neno mtoto alikaa bila pumzi, kila mara muda mrefu zaidi, hadi midomo ikawa ya kijivu. Beatrice akamshika mumewe shati. Akamwambia kama anajua chochote aseme, mtoto anakufa.

Sirili alijua. Miaka kumi na sita nyuma, seminarini, alikaa dawati moja na Yakobo, mtoto wa Mama Esther wa hapo hapo Kirua. Walikuwa wakigombea namba moja. Siku moja darasani Yakobo aliambiwa ataje neno hilo kwa miisho yake yote, akafika vocem, akakwama; ulibaki mwisho mmoja tu. Akamtupia Sirili jicho la kuomba. Sirili akatazama dirishani. Padre aliyewafundisha akamtoa Yakobo nje, mvuani, mpaka akumbuke. Baadaye Sirili akatumwa kumrudisha ndani. Hakwenda, alikwenda kulala. Kichomi kikamchukua Yakobo siku ya tatu.

Msibani Sirili alimpelekea Mama Esther jani la isale, kama Mchagga yeyote aombaye msamaha. Aliomba kwa niaba ya wanafunzi wote. La kwake hakulisema.

Sasa akalikata jani jingine, akambeba mtoto mgongoni, akakimbia.

Mama Esther alikuwa peke yake jikoni. Sirili akatoa shikamoo, akaweka isale mapajani pake, akasema yote, dirisha, mvua, kitanda. Mgongoni mtoto alikuwa ameanza kulegea.

Mama Esther hakulia. Alinong'ona.

"Yakobo huja hapa kila jioni. Husimama pale mlangoni, maji yanamchuruzika, ananiuliza. Mimi sijasoma, Sirili. Sina cha kumjibu. Jumatatu nilichoka. Nikamwambia nenda kwa mwenzako, yeye anajua."

Harufu ya blanketi ikaja.

"Vocem..." kikasema kinywa nyuma ya shingo ya Sirili.

Kisha pumzi ikakatika. Sirili akasubiri irudi. Haikurudi.

Akafungua mdomo. Mama Esther akamdaka mkono, kwa nguvu asizokuwa nazo.

"Usimjibu. Siku sita hizi nimekaa bila yeye, nimeona uchungu wake. Ukimjibu hatarudi tena. Nitamwita mimi, atamwacha mwanao. Nakuomba, baba."

Lakini uzito ule mgongoni ulikuwa umebadilika. Mzazi anajua.

"Voce," Sirili akasema.

Mtoto akavuta pumzi kwa kishindo. Akakohoa. Akalia kwa sauti yake mwenyewe, akasema baba, nasikia baridi. Sirili akapiga magoti akimkumbatia, akalia naye bila haya.

Mama Esther alisimama mlangoni akiita Yakobo. Akaita tena. Mvua tu.

Akarudi, akaokota lile jani, akalitia mkononi mwa Sirili na kukifunga kiganja chake. Isale hairudishwi. Waulize wazee wa Kirua kama wamewahi kuona.

Tangu hapo kila jua likizama Mama Esther alitoka uani kumwita mwanawe. Majirani walimwonea huruma, kisha wakazoea. Veronika alirudi shule, akanenepa, na Beatrice akaanza kulala usingizi.

Jioni moja mtoto alikuwa anaosha vyombo nje, baba yake amekaa karibu. Mwito ukaja kutoka ng'ambo ya mfereji, mwembamba, umechoka.

"Yakoboo..."

Veronika akaweka sufuria chini. Akainua kichwa.

"Naam, mama," akaitika, kwa sauti nzito yenye mafua. "Nimeshalijua lile neno. Nakuja."

Akainuka, akaanza kutembea kuelekea ng'ambo ya mfereji.