Pampu ya Jumapili

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 5 Juni mwaka 2010, Bibi Irmtraud Hempel aliposhuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, hakushtushwa na maji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi, mto Mulde, huko Ujerumani, ulikuwa umefurika, na mtaa mzima ulikuwa ukichota. Kilichomshtua ni kikombe kimoja cha udongo cha kunywea bia, kilichokaa juu ya kaunta kikiwa kimefunikwa kifudifudi.

Marehemu mumewe, Lothar, ndiye aliyekijenga chumba kile ili apate mahali pa kunywa na marafiki. Alipigilia mbao ukutani, akatandika zulia, akatundika taa kila pembe, na vikombe vyake vyote alivining'iniza kwa vishikio. Hakuwahi kufunika hata kimoja. Mto ulimchukua tarehe 13 Agosti mwaka 2002 alipokuwa akipanga magunia ya mchanga, na mwili wake haukuonekana. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyevigusa vikombe vile.

Pia, kwenye kipandio cha chini kabisa, ambacho maji hayakukifikia, palikuwa na alama pana ya unyevu, mithili ya pindo la koti refu lililoburuzwa, nayo ikinuka tope la mto.

Bibi Irmtraud aliwasha pampu. Ilinguruma kutwa, na maji yakapungua. Lakini Jumapili alfajiri aliizima, kwa kuwa katika mji ule siku hiyo hakuna anayekata nyasi wala kugonga msumari, na anayethubutu hasalimiwi tena dukani kwa mwoka mikate. Isitoshe, jirani yake, Bwana Noack, mstaafu wa reli, aliwahi kuja mlangoni kumkumbusha Lothar kwamba pigo moja la nyundo nalo ni kelele. Aliizima kwa heshima, na hilo ndilo likawa kosa lake.

Alasiri, baada ya kahawa, katika ukimya ule alisikia kucha zikigonga udongo, polepole, kutoka ndani ya kitu kilichofunikwa. Akashuka, mkono ukiwa ukutani, na kila kipandio alichokanyaga kilikuwa baridi kuliko kilichotangulia, na harufu ya majani yaliyooza ikazidi kumpanda puani, na maji aliyoyaacha yakiwa machache sasa yalikuwa yamejaa tena hadi miguu ya viti, meusi, yametulia, na nyuma ya kaunta ya mumewe aliketi mwanamume mwenye koti la kijani, kavu mabegani, ambalo pindo lake la kushoto lilichuruzika bila kukoma.

"Karibu, mama mwenye nyumba," alisema kwa upole. "Umetulia vizuri. Sisi nasi tunaiheshimu Jumapili."

Aliinua kidogo ukingo wa kikombe, na chini yake ikatoka sauti iliyochoka: "Irma, umefunga madirisha?"

Ndilo swali ambalo Lothar alimuuliza kila usiku katika ndoa yao yote.

Mwanamume yule, ambaye sasa alijua kuwa ni jini wa mto, akamweleza sharti lake. Chumba kiachwe na maji yake, naye atakuwa akishuka kila Jumapili kumsikiliza mumewe. Ila kikombe kisigeuzwe, maana pumzi ikishatoka hairudi.

"Na Lothar atapata nini?" aliuliza Bibi Irmtraud.

"Giza. Amekwisha kulizoea."

Alizitazama taa zilizozimika pembeni. Kisha akapanda ngazi. Jini akatabasamu, akidhani amekwenda kuleta mto wa kukalia. Bibi Irmtraud akachomeka pampu.

Mngurumo ukaitikisa nyumba. Punde Bwana Noack, aliyekatizwa usingizi wa mchana, akatokea mlangoni na nguo zake za kulalia.

"Bibi Hempel, leo Jumapili."

"Siku naijua, Bwana Noack. Ukitaka kunishtaki, kavae suruali kwanza."

Jirani alichungulia chini, akaliona lile pindo. Bibi yake mzaa mama, alipokuwa hai, aliwahi kumsimulia habari za mwenye koti lile, anayeweka pumzi za waliozama chini ya vyombo. Uso ukampauka.

"Usiizime," alinong'ona. "Naleta na ya kwangu."

Pampu mbili zikavuta. Kila maji yaliposhuka, jini alizidi kukonda, hata koti likamning'inia kama nguo kwenye kamba, lakini kikombe alikikumbatia kwa mikono yote miwili. Bibi Irmtraud akaingia majini, akakishika.

"Utabaki peke yako, mama," jini alimwambia.

"Nimebaki peke yangu miaka minane. Wewe ndiye hujazoea."

Akakigeuza. Pumzi vuguvugu ikampita shavuni, yenye harufu ya sabuni ya kunyolea.

"Nimefunga yote, Lothar," alisema. "Nenda."

Koti likanywea, likafuata maji kwenye mpira wa pampu, likatemwa barabarani.

Zulia lilitupwa, mbao zikakauka, na kikombe kimetundikwa kwa kishikio. Hata hivyo, kila Jumapili alasiri pampu hunguruma katika nyumba ile, na Bwana Noack hufungua dirisha ili aisikie vizuri. Hakuna anayelalamika. Maana zipo Jumapili ambapo ile alama ya pindo huonekana tena kwenye kipandio cha chini kabisa, mbichi. Cha pili haijawahi kukifikia. Bibi Irmtraud huikanyaga kwa kiatu kikavu, akateremka, akaiwasha pampu.