Jina la Damas

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya zabibu ya Makutupora Edina alipokumbuka kwamba hajazima kompyuta ya ofisini. Mwingine angeiacha. Lakini kompyuta ya chama cha ushirika ilikuwa na visa vyake: ukiiacha inawaka, asubuhi inagoma mpaka wakulima wanaanza kutukana. Akamwacha mwanawe Anna kwa jirani, akajitanda kanga mabegani kwa sababu ya upepo, akashika njia.

Na tuseme ukweli, ile haikuwa kompyuta, ilikuwa adhabu. Ya kichogo, nzito kama jiwe la kusagia, maandishi yake ya kijani, na mfumo wake ulitengenezwa na kijana mmoja ambaye siku hizi hata simu yake haipatikani. Ukiingiza uzito wa kreti za zabibu, inaganda. Ukiizima na kuiwasha, imesahau. Na kubwa kuliko yote, ilimjua mtu mmoja tu duniani: Damas, karani wa mizani. Mume wa Edina.

Damas alikuwa amekufa tangu masika. Aliondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, jioni akaletwa maiti. Waliobeba jeneza walinong'onezana kwamba ni jepesi mno, na mama yake, bibi Yudith, alikataa kutupa udongo kaburini.

"Humu hamna mwanangu," alisema.

Watu wakamshika mabega, wakamnyamazisha. Ni uchungu, walisema.

Ushirika ukamhurumia mjane, ukampa kazi ya mumewe. Siku ya kwanza mfumo ulikataa jina la Edina. Ukakataa la Bupe wa stoo. Ukakataa hata la meneja, mzee Respicius, ambaye aliupiga kibao kama mtu anayeamsha punda.

"Tumia la Damas tu, mwanangu," alisema. "Mashine haijui kama kafa."

Paswedi hakuna aliyeijua. Edina aliipata kwa kubahatisha mara moja tu: mamaanna. Alilia pale mezani mpaka Bupe akamletea maji.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi anaandika jina la marehemu mumewe, mashine inafunguka. Mchana kutwa inawatesa. Lakini kulikuwa na jambo moja. Uzito wote uliogoma kuingia mchana, asubuhi unakutwa umeingia, safi, bila kosa. "Leo mfumo umekaa vizuri," watu walisema, wakaendelea na chai yao. Hakuna aliyeuliza.

Edina alifungua mlango wa ofisi kwa ufunguo wake. Giza lilikuwa limeanza kujaa ndani. Kulikuwa na ile harufu ya kila siku ya zabibu zilizochacha, na chini yake harufu nyingine…

Udongo mbichi.

Akasikia.

Ta… ta-ta… ta.

Mtu anachapa.

Vidole viwili, polepole, halafu kitufe cha mwisho kinapigwa mara mbili kwa hasira kidogo. Katika maisha yake alimjua mtu mmoja tu aliyechapa hivyo. Mwenye akili zake angekimbia, na Edina alikuwa na akili zake, lakini miguu ilimpeleka mbele.

Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti, amempa mgongo. Shati jeupe alilotoka nalo nyumbani asubuhi ile ya mwisho lilikuwa limegeuka rangi ya udongo.

"Baba Anna?"

Kuchapa kukakoma.

Akageuka. Ni yeye. Macho yamezama, mashavu yamebonyea, pumba za mahindi zimemkaukia midomoni mpaka kidevuni. Alifungua kinywa kujibu, na Edina akaona hamna ulimi.

Hakuhitaji kuelezwa. Amekua akisikia habari zao. Mtu anachukuliwa kwa uchawi, ninyi mnalia na kuzika mgomba mkidhani ni yeye, kumbe anakatwa ulimi, analishwa pumba, na giza likiingia anaamshwa afanye kazi za watu.

Msukule.

"Nani kakufanyia hivi?" alinong'ona. "Nitajie, baba Anna. Nitajie tu."

Damas aliirudia kibodi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimelika hadi mifupa. Herufi zilitokea moja moja; hata kwa mfu, mashine ile haikuwa na haraka.

ALIYENICHUKUA SIJAWAHI KUONA SURA YAKE

Ta… ta…

ANAYENIITA KILA ASUBUHI NI WEWE

Edina alijiziba mdomo kwa kanga.

NIMECHOKA MAMA ANNA. USIANDIKE JINA LANGU TENA. NIACHE NILALE

"Siandiki," alisema Edina. "Siandiki tena. Naapa kwa mtoto wetu."

Akamwekea mkono begani. Baridi kama mtungi. Damas aliinamisha kichwa, akalaza shavu lake juu ya mkono ule, kama alivyozoea kufanya akirudi kazini amechoka. Wakakaa hivyo. Edina hakuogopa tena, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Umeme ukakatika. Uliporudi, kiti kilikuwa kitupu, na juu ya kibodi kulikuwa na udongo mwekundu.

Asubuhi mzee Respicius alimsubiri mlangoni, meno yote nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumepona! Kiwanda cha mvinyo kimekubali tuandike uzito kwa mkono. Na wiki ijayo inakuja kompyuta mpya. Hilo takataka usiliguse tena."

Bupe alipiga vigelegele mpaka wakulima waliokuwa kwenye mizani wakageuka. Ni maneno ambayo Edina alikuwa ameyaombea tangu alipoanza kazi. Kiapo chake sasa hakikuwa na gharama yoyote. Kukaa kimya tu kulitosha, na Damas angelala.

Basi ijulikane kwamba hakuna aliyemlazimisha. Si meneja, si zabibu zinazooza, si mkulima yeyote. Edina alikaa mbele ya kioo cheusi, akawaza kitanda cha nyumbani, ule upande ambao mpaka leo hajathubutu kuulalia. Akawaza lile shavu. Akawaza kwamba asipoandika, hatamwona tena mpaka siku atakayokufa yeye mwenyewe. Alimpenda mno. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Alisubiri Bupe atoke kwenda kununua vitumbua.

D… A… M… A… S.

Mashine ilifunguka papo hapo. Haikuwahi kufunguka haraka namna ile.

Siku hiyohiyo alimwomba mzee Respicius ile ya zamani isitupwe, aihifadhi yeye, kumbukumbu ya marehemu. Mzee alimtazama kwa huruma, akakubali.

Jioni alirudi na hotipoti, ndani ugali na mlenda, chakula ambacho Damas aliweza kukila mpaka akalegeza mkanda. Alimkuta kitini. Damas alimtazama, halafu akatazama jina lake kwenye kioo.

"Samahani," alinong'ona Edina. "Kula kwanza. Kula, mume wangu."

Alimega tonge, akamtia kinywani mwenyewe. Halikupita. Koo lilikuwa vidonda vitupu. Tonge likarudi, likamdondokea kifuani. Damas akajipangusa taratibu, akageukia kibodi, akaanza kuingiza uzito wa zabibu ambao hakuna mtu aliyeuhitaji tena.

"Kesho," alisema Edina. "Kesho nakuacha upumzike. Kweli kabisa."

Ta… ta-ta… ta.

Kesho yake mchana, baada ya kuwa ameshaandika jina, Edina alipita kwenye mashine ya kusaga ya Halfani, akaomba pumba.

"Pumba, mama Anna? Sikujua kama una kuku."

"Ninao."

Halfani alichota kwa bakuli, akataka kumimina kwenye mfuko. Edina akamshika mkono.

"Zichekeche kwanza, kaka. Zichekeche mpaka zilainike. Zinamkwaruza kooni."

Halfani alicheka sana, akasema tangu azaliwe hajaona mtu anayempenda kuku kiasi hicho. Edina naye akajaribu kucheka. Machozi yakaanza kudondokea ule mfuko wa pumba, na Halfani, muungwana, akainama chini ya meza akajifanya anatafuta chekeche.