Sauti ya Nne

Rafiki yangu Elinaza wa Mhezi, kijiji cha milimani, si mtu wa kutunga mambo, na hili alinisimulia akiwa bado na hasira nalo. Alinunua kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ya kupigia muziki nyumbani kupitia mtandao. Ikamsumbua kutwa. Akiiwasha, spika kimya. Akiizima na kuiwasha tena, mtandao umekatika. Ukungu nao ukashuka hadi sebule ikawa giza mchana.

"Achana nayo, baba Neema, utaivunja," mkewe Blandina alimwambia kutoka jikoni.

Elinaza akasonya, akachomoa nyaya zote kwenye soketi, wa spika pia.

Ndipo spika ikakwaruza. Sauti ya mzee ikatoa noti polepole: "Do... mi... so... do."

Elinaza aliijua. Ndivyo marehemu baba yake alivyoianzishia wimbo kwaya ya usharika miaka yote, na hakuna aliyewahi kumrekodi.

Huko jikoni Blandina, kwa mazoea tu, akaitikia kwa sauti ya pili. Elinaza, ambaye huimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, alibaki ameshika nyaya.

Spika ikakohoa kidogo.

"Sauti ya nne," ikasema, "tunakusubiri wewe tu."