Kipande cha Sekunde Kilichomliza Leora

Kahawa yote ilimwagikia koti la njano la Leora Brandvold.

“Samahani, dada! Nimekuunguza?”

Foleni ya chakula cha mchana katikati ya Portland ilikuwa imefurika, mvua ikinyunya. Kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alikuwa akimpangusa kwa skafu yake mwenyewe. Leora alisoma jina kwenye kitambulisho chake cha mkutano wa waandishi wa programu, akashtuka.

“Tobin Escarra? Wewe ndiye unayeikataa kazi yangu?”

“Usiniambie wewe ni Brandvold!” Macho yalimtoka. “Nilidhani ni mzee mwenye upara!”

Leora alikuwa akirekebisha jinsi mfumo wa simu unavyohesabu saa. Mfumo ulikadiria vipande vidogo vya sekunde, makosa yakajilimbikiza, na mara nyingine saa iliruka nyuma kidogo. Tobin, aliyekuwa na kauli ya mwisho, alimjibu kila mara kwamba kosa dogo hivyo halimdhuru mtu.

Waligombana hadi chakula kikapoa. Miezi kadhaa baadaye, theluji ilipoyeyuka, walikuwa wapenzi wasioachana.

Kisha siku moja Leora akamwona Tobin mkahawani, amekumbatiana na mwanamke mwenye gauni jekundu. Baadaye akamwandikia: “Yule mwanamke unampenda?” Akaongeza: “Na mimi je?”

Majibu yaliingia kwa pamoja. La kwanza: “Mno, kupita kiasi.” La pili: “Hata kidogo.”

Leora akajibwaga kwenye ngazi za maktaba, machozi yakimtiririka. Simu ikalia.

“Laazizi, mbona kimya?”

“Usiniite laazizi! Si umeshanijibu?”

“Nimejibu nini tena? Uko wapi?”

Leora alimtajia maktaba; Tobin akafika akihema. Leora akamsukumia simu usoni. Tobin akasoma, akafungua yake, rangi ikamtoka.

“Nilikujibu nikiwa kwenye treni, ndani ya handaki, hakuna mtandao. Tulipotoka yakaondoka yote kwa mpigo. ‘Hata kidogo’ lilitangulia, Leora! Saa ya simu yangu imerudi nyuma kati ya hilo na la pili, na ujumbe hupangwa kwa saa, kwa hiyo yakapangwa kinyume.”

Leora akamrudishia maneno yake mwenyewe: “Kosa lisilomdhuru mtu?”

“Limetaka kuniua.”

“Na yule wa gauni?”

“Renata. Tuliwahi kuchumbiana. Anaolewa Montreal, alikuja kuniaga.”

Hapo hapo kwenye manyunyu Tobin akafungua kompyuta yake, akayapitisha marekebisho ya Leora. Kisha akapiga magoti kwenye ngazi zilizolowa.

“Nataka kukuoa. Tafadhali, usinijibu kwa simu.”

“Ndiyo!” ya Leora ilikuwa kali kiasi kwamba mlinzi wa maktaba alitoka mbio kuuliza nani ameumia.