Aliyeitikia Tisa

Jioni ile tulipanda msituni kupaka rangi mishale ya kuonyesha njia, mimi na Mkuu. Nilirudi peke yangu.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Mvua zilikuwa zimefuta alama pale njia inapogawanyika juu ya korongo, na kikundi chetu cha wastaafu kilitarajia kupanda tena Jumamosi. Mkuu alibeba kopo la rangi, mimi nikabeba brashi.

Tulimwita Mkuu kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu, na hata baada ya kustaafu filimbi haikumtoka shingoni. Mimi nilikuwa fundi saa. Marehemu mke wangu alikuwa mkunga. Tulipostaafu, binti yetu anayeishi ng'ambo alitutumia tiketi, tukaenda kuona milima yenye theluji na ziwa la kijani kama chupa. Mke wangu alisimama kila kona kutazama maua.

"Baba, ua halikimbii," alikuwa akiniambia. "Wewe unakimbilia wapi?"

Tuliporudi tukaona aibu. Tumevuka bahari kutazama milima ya watu, na msitu ulio nyuma ya mji wetu hatujawahi kuukanyaga. Ndipo tukajiunga na kikundi.

Kikundi kilikuwa na utaratibu wake. Ukungu ukishuka, Mkuu hupiga filimbi, na kila mtu hutaja namba yake kwa sauti. Mkuu alikuwa moja. Mke wangu tisa. Mimi kumi, nyuma yake, kwa sababu yeye alikuwa mzito wa mwendo na mimi ndiye niliyemzoea.

Siku aliyokufa nilikuwa kitandani na homa. Ukungu ulishuka, wakahesabu. Wote waliapa kwamba tisa iliitikiwa. Walipofika chini, mke wangu hakuwepo. Alipatikana kesho yake korongoni, mguu umevunjika. Daktari alisema alikata roho alfajiri.

Maana yake usiku kucha alikuwa akiita.

Mwaka mzima nilimwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe. Tatizo ni kwamba sikujua nimsamehe nani.

Tulipaka mshale wa kwanza, kisha wa pili.

"Fundi, mshale wako umepinda kama mkia wa mbwa," Mkuu alisema.

"Macho ya saa haya. Hayajazoea vitu vikubwa."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Ukungu ulikuwa unakuja. Haukushuka kutoka juu kama siku zote. Ulipanda kutoka korongoni, polepole, ukifuata njia kama mtu.

"Twende," akanong'ona, akatangulia. Baada ya hatua tano sikumwona tena. Nikasikia filimbi. Aliipiga kwa mazoea tu, maana tulikuwa wawili.

"Moja," akasema.

Nikafungua mdomo nitaje namba yangu...

"Tisa."

Ilitoka kati yetu. Sauti nyembamba, ya kubana pua, kama ya mwanamume anayemwigiza mwanamke.

Ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Usinifanyie mzaha huo," nikasema.

Kisha akajibu kutoka mbele, mbali kuliko nilivyodhani. "Si mimi, Fundi. Safari hii si mimi."

"Safari hii?"

Harufu ikanifikia. Mafuta ya mkaratusi, yale aliyojipaka mke wangu magotini kabla ya kila matembezi. Ilinipita begani, ikaendelea mbele kuelekea kwa Mkuu. Taratibu. Mwendo wake.

"Shemeji alikuwa nyuma kidogo tu," Mkuu akasema, na sasa alikuwa analia. "Mvua inakuja, watu wananung'unika. Nilikuwa nimerudi mwisho wa mstari kuwahimiza, nikaitikia kwa niaba yake. Nilidhani ni kona moja, ndugu yangu. Kona moja tu."

"Tisa," ikasema ile sauti, karibu naye.

Kopo la rangi likaanguka, likabingirika. Mawe yakafuata. Kisha kitu kizito.

Kisha sauti yake, kutoka chini kabisa. "Fundi... mguu wangu. Niko hapa."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na mtandao ulikuwepo. Nilijua la kufanya. Maisha yangu yote nimesali niwe mtu wa kulifanya. Nilisimama palepale, mkono juu ya mfuko, nikamfikiria mke wangu akiita hadi sauti ikakauka.

Filimbi ikalia korongoni. Mara moja, kwa unyonge.

"Moja," akajibu mke wangu, sikioni mwangu. Alisema kwa upole, kama alivyowaambia akina mama wodini kwamba mtoto amefika salama.

Nami nikasema, "Kumi."

Nikashuka kuelekea mjini.

Mke wa Mkuu alikuwa jikoni kwake, amenipa mgongo, akimenya viazi.

"Mmerudi?" akauliza bila kugeuka. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma kidogo. Anakuja."

Kisu kikasimama. Akageuka, akanitazama, akatazama mlangoni nyuma yangu, kisha akanitazama tena.

"Shemeji," akanong'ona, "ni wewe uliyesema hivyo? Mbona nimesikia sauti ya marehemu?"

Simu ilikuwa bado mfukoni. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia, na Mungu ni shahidi wangu, muda ulikuwepo. Mama yule alisimama na kisu mkononi, akingoja nimjibu.

Sikufungua mdomo. Niliogopa kusikia ni nani atakayesema.