Nusu ya Mstari wa Njano

Mshale, dereva wa mbio, alikutwa amekaa kwenye kiti chake, mkanda kifuani, kofia ngumu kichwani, mikono bado iko kwenye usukani. Ungedhani anasubiri bendera. Kumbe ameshakufa! Gari lilikuwa limejipigiza ukutani kwenye kona ya mwisho ya uwanja wa mbio, na gurudumu la mbele kushoto limejikunja chini ya gari kama mguu uliovunjika.

Inspekta aliinama akachungulia. Magari yeye alijua kuyapanda tu.

"Nini kimechomoka hapa?"

"Mkono wa chini, afande. Ndio unaoshika gurudumu."

Aliyejibu ni fundi wa sespensheni, yaani springi na mikono inayobeba magurudumu. Jina lake gereji nzima ni Bushi, na mke wa marehemu ni dada yake wa damu. Alikuwa ameshika boliti.

"Nimeiokota kwenye nyasi. Unaona huu mstari wa njano? Vipuri vya mbio si kama vya kiwandani, usipovikagua vinalegea. Kwa hiyo nikishakaza boliti naichora, mstari unatoka kwenye kichwa cha boliti mpaka kwenye mkono wenyewe. Boliti ikizunguka, mstari unakatika, unajua." Akafuta macho. "Hii niliikaza, afande. Kuna mtu kailegeza."

Haya! Mtu gani sasa?

Vidole vyote vikamwelekea Difu, fundi wa gia na difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu. Jana yake alimfokea marehemu mbele ya watu: "Endesha hivyo hivyo, utakufa!"

"Ulimtishia?" Inspekta aliuliza kituoni.

"Nilimwonya! Difu mpya inalia, yeye anataka kukimbia nayo na oili chafu. Ulitaka nimwimbie?"

"Halafu?"

"Nikabadilisha oili, nikafunga difu, nikaenda zangu."

"Ufunguo wa gereji nani anao?"

"Mimi, Bushi, na marehemu."

"Basi ulirudi ukalegeza boliti."

"Mimi? Mimi kazi yangu nyuma ya gari, afande! Mbele nikigusa, Bushi ananimeza mzima mzima!"

Akawekwa mahabusu kwa tuhuma ya mauaji. Akashika nondo. "Mke wangu siku zake zimefika. Nani atampeleka hospitali?"



Mjane naye akazidi kumkandamiza bila kujua. "Jana jioni mume wangu alimpigia mdogo wangu, simu iko kwenye spika. Akamuuliza, 'Shemeji, umefunga?' Bushi akajibu, 'Nimefunga, we lala.' Asubuhi mume wangu akachukua gari, akaenda kulijaribu."

Inspekta akashika kichwa. Kila maelezo yalikuwa sawa, na yote kwa pamoja hayakuwa sawa.

"Afande," konstebo alisema, "Difu kafunga. Bushi kafunga. Mlinzi wa uwanja naye anasema kafunga geti. Watu wote wamefunga! Sasa mbona gari limefunguka?"

Inspekta hakucheka. Lile neno 'kafunga' lilimganda kichwani.

Gari lilipoinuliwa kwenye yadi ya polisi, ndipo mkono wa chini ulipoonekana vizuri kwa mara ya kwanza. Inspekta akaisogeza boliti kwenye tundu lake. Nusu ya mstari wa njano ilikuwepo kwenye boliti. Kwenye mkono, hamna.

"Labda imefutika," konstebo alisema.

"Mkono ni mpya. Tazama, hapa haujakwaruzwa hata na ukucha. Nusu ya pili iko wapi?"

Akazunguka upande wa kulia. Nati ya upande huo ilizunguka kwa vidole vyake viwili tu! Na pale hapakuwa na mstari kabisa, si mzima wala uliokatika. Hakuna mtu aliyelegeza kitu. Boliti hizi hazijawahi kukazwa.

Bushi akaitwa.

"Uliichora boliti baada ya kuiokota," Inspekta alisema.

"Hapana, afande."

"Shemeji yako alikuuliza kama umefunga. Ukajibu umefunga. Ulifunga nini?"

Bushi akageuka kutazama mlango.

"Bushi. Ulifunga nini?"

"Gereji."

Konstebo akaacha kuandika.

"Kila jioni ananiuliza hivyo hivyo, anaogopa wezi," Bushi alisema. "Zile boliti hukazi gari likiwa kwenye jeki, mipira ya ndani inajipinda, inakatika mapema. Unazishikiza kwa vidole, gari linashuka, likishakaa kwa uzito wake ndio unakaza. Difu alikuwa anamwaga oili, gari liko juu. Alipomaliza na kuondoka, giza limeshaingia, nikafunga gereji, nikasema nitakaza asubuhi. Kumbe yeye anauliza boliti, mimi najibu mlango!"

"Kwa nini hukusema?"

"Dada ndiye aliyenilea. Ningeanzia wapi kumwambia mimi ndiye niliyemfanya mjane?"

"Ukaona bora Difu anyongwe, mkewe naye awe mjane."

Bushi akainamisha uso mezani.

Difu aliachiwa hapo hapo. Viatu alivishika mkononi, akatoka mbio pekupeku bila kuaga mtu.

Dada mtu akaruhusiwa kuingia. Alisimama mbali kidogo na meza.

"Ni kweli?"

"Kweli, dada. Nisamehe."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama anatafuta sura ya yule mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni mwake.

"Ungeniambia asubuhi ile ile," alisema, "tungelia wawili."